Viza Imeondolewa, Maswali Yamebaki

Mpwa wangu, orodha mliyonitumia wewe na mkeo Mthai, mkamwana wangu, nimeisoma yote. Mkaza mjomba wako alinipanulia kwenye simu ukurasa baada ya ukurasa, maana macho yangu unayajua. Umejitahidi. Umekusanya kila nchi anayoingia mwenye pasipoti ya Thailand bila viza, ukazipanga kwa wingi wa siku: Georgia juu kabisa kwa mwaka mzima, kisha Brazili, Argentina, Chile, Peru na Korea Kusini siku 90, chini yake China, Urusi, Uturuki na Afrika Kusini siku 30, Japani 15, Taiwan 14, na majirani wa ASEAN ama 30 ama 14. Halafu ukaniachia ujumbe wa sauti: "Mjomba, wewe umezunguka sana huku. Tumpeleke mama wapi Songkran ijayo?"

Nitakujibu, lakini kwa mwendo wangu. Zamani ningekupigia nikakufokea dakika tano tukamaliza. Siku hizi hata kufoka kunanichosha.

Kwanza vunja huo mpangilio. Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ni tarehe 13 hadi 15 Aprili. Mkamwana akiunga na siku zake za likizo na mwisho wa juma, mnapata siku tisa, mkibana sana kumi. Mama mkwe wako ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na ndege anayoijua ni ya kutoka Udon Thani kwenda Bangkok. Hizo siku 90 za Peru atazifanyia nini? Ruhusa ya siku nyingi inamfaa mwenye siku nyingi. Wewe umeziweka juu kwa sababu namba kubwa inapendeza machoni, na mtu akishapendezwa na namba huacha kuuliza swali la pili.

Swali la pili ni hili: ukikataliwa, utakataliwa wapi?

Unajua mimi nilifika huko Thailand kwa ajili ya mawe. Miaka ya 90 Wathai walipokuja Tunduru kununua yakuti, sisi tuliokuwa tunahangaika na mawe ya Umba huku Tanga tuliwafuata mpaka kwao, mpaka Chanthaburi. Pale sokoni mnunuzi hukodi meza akakaa, dalali humjia na mawe yamefungwa kwenye karatasi nyeupe. Mnunuzi huyafungua, huyapeleka kwenye mwanga, huyageuza kwa kibano, hutaja bei, na akiyakataa hakuna aliyepoteza kitu ila muda. Hakuna anayelipa kwanza ndipo akafungua karatasi. Basi viza ya kuombea ubalozini ni jiwe linalotazamwa kabla ya fedha kutoka. Safari isiyo na viza ni jiwe unalolilipia halijafunguliwa.

Usinielewe vibaya. Sisemi viza ni kitu kizuri. Mthai anayetaka kwenda Ulaya ya Schengen analipa euro 90, anatafuta bima isiyopungua euro 30,000, anapeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, tiketi na hoteli, halafu anasubiri kama mshitakiwa anayengoja hukumu. Ni udhalilishaji, na sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa. Lakini akikataliwa, amekataliwa akiwa Bangkok. Amepoteza ada na nafsi imemuuma, jioni anakula kwake. Anayekataliwa kwenye dirisha la uhamiaji Seoul amekwisha lipa nauli, amekwisha lipa hoteli, likizo imekwisha anza kuhesabika, na anarudishwa kwa ndege ya shirika lile lile lililomleta, pengine mbele ya mama yake mzazi. Viza iliondolewa. Ukaguzi haukuondolewa, ulihamishwa tu, ukapelekwa mahali ambapo kosa lina gharama kubwa zaidi.

Kwa hiyo tuanze na Korea, maana mkamwana ameizungushia duara jekundu, nami najua ni zile tamthilia.

Thailand na Korea Kusini waliondoleana viza mwaka 1981. Siku 90, pande zote mbili. Ulikuwa mkataba wa heshima, na kwa miaka mingi ulitumika vizuri. Kisha mishahara ya Korea ikawa mara nyingi ya ile ya mashamba ya Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, na watu wakaanza kuingia kama watalii na kubaki kama vibarua: mashambani, viwandani, kwenye nyumba za kukandia misuli. Wathai wenyewe huwaita phi noi, vizimwi wadogo. Hesabu yao ilipita laki moja. Sitawahukumu. Nimewaona vijana wetu wakifanya hivyo hivyo Muscat na Dubai, na anayemkemea mwenye njaa sharti amwonyeshe kwanza chakula kilipo. Lakini deni lao nani analilipa? Analilipa mwalimu wa Khon Kaen aliyeweka akiba miaka miwili aione Seoul. Analilipa msichana anayesafiri peke yake. Analilipa mtu ambaye pasipoti yake inaonyesha amezaliwa mkoa ambako vibarua wengi wametoka.

Mwaka 2021 Korea ikaleta kibali cha mtandaoni, K-ETA, won 10,000, unakiomba kabla ya kupanda ndege. Kisiwa cha Jeju kikabaki nje ya utaratibu huo kwa muda. Watu wakakiona kichochoro. Agosti 2022 ndege zikajaa kuelekea Jeju, na katika siku chache mamia ya Wathai wakarudishwa. Waliopita, baadhi hawakuonekana tena kwenye hoteli zao. Septemba kichochoro kikazibwa. Na hata hicho kibali ukikipata, bado si ruhusa ya kuingia: afisa wa dirishani ana neno lake la mwisho. Mwaka 2023 malalamiko yalijaa mitandaoni Thailand, watu wenye kazi nzuri na fedha benki wakieleza walivyohojiwa kwa saa kadhaa na kurudishwa, wakahimizana wasiende Korea tena. Suala likafika mpaka kwa waziri mkuu wa wakati ule, Srettha Thavisin. Wengi wakageuzia likizo zao Japani na China.

Sasa wewe unataka kumpitisha mama wa miaka 71 wa Udon Thani kwenye dirisha hilo. Atapita? Nadhani atapita. Bibi wa umri ule hatafutwi na mtu kiwandani. Lakini mdogo wake mkamwana, yule binti wa miaka 24 asiye na ajira ya kudumu, uliyeandika kwamba "naye atajiunga," huyo ndiye atakayesimamishwa. Akisimamishwa yeye, ninyi mtakwenda kula samaki wa kuchoma wakati mtoto amekalishwa chumbani? Likizo ya familia ina wepesi wa yule mmoja atakayeulizwa maswali mengi kuliko wote. Mpime huyo, nchi baadaye.

Japani ni habari nyingine, ingawa nayo msiifanyie mzaha. Tarehe 1 Julai 2013 waliwafungulia Wathai wenye pasipoti ya kielektroniki waingie bila viza kwa siku 15. Mwaka mmoja kabla yake Wathai waliotembelea Japani walikuwa laki mbili na ushee. Mwaka 2019 walipita milioni moja na laki tatu. Fikiria namba hizo mbili halafu uniambie kama karatasi moja ya viza si kitu. Watu wale wale, theluji ile ile, kilichobadilika zaidi ni utaratibu. Wajapani huchukua alama za vidole na picha, huweza kuuliza tiketi ya kurudi na hoteli, na kwa wengi huishia hapo. Siku 15 zinawatosha na kubaki.

Lakini umeandika kwamba mama anataka kuona maua ya sakura. Nani aliyemwambia yatakuwepo? Songkran ikifika, Tokyo na Kyoto maua huwa yameshapukutika au yako mwishoni. Huko huwa yanachanua mwishoni mwa Machi na siku za mwanzo za Aprili. Atakayeyakuta katikati ya Aprili na kuendelea ni yule aliyepanda kaskazini, Tohoku, na kule Hirosaki huwa mpaka karibu mwisho wa mwezi. Wakala wa safari atakuuzia tu, picha za kwenye tangazo zilipigwa Machi. Kama ni Japani, ama nendeni kaskazini, ama mkamwana aombe ruhusa Machi na aiache Songkran kwa wenye kumwagiana maji.

Taiwan umeipita haraka, nami sitakaa sana. Ruhusa yao kwa Wathai ilianza Agosti 2016 kama majaribio, na tangu hapo huongezwa mwaka hadi mwaka, kikomo kikiwa mwisho wa Julai. Kwa hiyo mwenye kukata tiketi ya Agosti aangalie mara mbili. Nina neno moja tu, tena linamhusu mama na kapu lake. Namjua. Nilipokuja kwenu alinifungashia soseji za Isan za kuchacha, zile naem, nyingi mno, eti za njiani. Taiwan, kwa hofu ya homa ya nguruwe ya Afrika, mgeni akikamatwa na nyama ya nguruwe kutoka nchi yenye ugonjwa hupigwa faini ya dola za Taiwan 200,000 kwa kosa la kwanza, na asiyeweza kulipa papo hapo hugeuzwa arudi. Ugonjwa huo ulithibitishwa Thailand mwaka 2022. Bibi anayesafiri na upendo ndani ya mfuko wa plastiki ataelewaje jambo hilo asipoambiwa na bintiye? Kagueni begi lake usiku wa kuamkia safari, tena kwa adabu, yeye mwenyewe akiwepo. Japani nayo haitaki nyama. Pilipili ya kusaga na wali wa kunata vinamtosha.

Halafu nimekuta Kambodia. Siku 14, umeandika, "karibu, nafuu, Angkor Wat." Mwanangu! Mwaka 2025 mapigano yalizuka mpakani mwezi Julai, yakarudi tena Desemba, vivuko vya nchi kavu vikafungwa, watu wa vijiji vya mikoa ya Surin na Sisaket wakalala kwenye kambi. Mama mkwe wako ana jamaa huko. Orodha ya viza haisomi habari. Inajua mkataba uliotiwa saini na mawaziri wa ASEAN Kuala Lumpur mwaka 2006, haijui mizinga. Ndiyo maana nakuambia kila jina kwenye hiyo orodha ulisome pamoja na gazeti la wiki hii.

Na Georgia, hiyo uliyoipa namba moja. Nchi nzuri, milima, mvinyo, watu wakarimu, na kweli Mthai huruhusiwa kukaa mwaka. Lakini wepesi huo huwavutia na wengine. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wanawake wa Kithai walirudi kutoka huko wakasimulia jinsi walivyoahidiwa kazi halali ya kubeba mimba kwa malipo, wakafikia kwenye nyumba ambamo walitolewa mayai ya uzazi. Sikuambii haya ili uiogope Georgia. Nakuambia kwa sababu ya yule binti wa miaka 24. Akija siku moja na habari kwamba amepata kazi nchi fulani "haihitaji viza, dada, natuma picha ya pasipoti tu," mkamwana asimshangilie kabla ya kuuliza nani analipa nauli. Vijana wa Kenya na Uganda waliopitishwa Bangkok wakavushwa mpaka pale Mae Sot hadi kwenye majumba ya utapeli ya Myanmar walianza kwa maneno kama hayo. Mwenye kutega mtego hupenda njia isiyo na mlinzi.

Haya. Umenisikiliza nikikataa, sasa sikiliza ninachokitaka.

Ningekuwa mimi, ningewatoa Udon Thani kwa treni. Siyo ndege. Tangu Julai 2024 treni inayotoka Bangkok haiishii tena Nong Khai. Inavuka Daraja la Urafiki juu ya Mekong, lile lililofunguliwa mwaka 1994, mpaka Vientiane, na Udon iko njiani. Mama atapanda kwenye stesheni anayoijua, na kabla hajamaliza kulalamikia kiyoyozi yuko nchi nyingine. Kule atagongewa mhuri wa siku 30 bila swali la maana, kisha atafungua mdomo, na kila mtu atamwelewa. Watu wa Isan na watu wa Laos ni lugha moja, wali wa kunata ule ule, nyimbo zile zile. Umewahi kufikiri maana yake kwa mwanamke ambaye hata Bangkok humcheka kwa lafudhi yake? Afike ng'ambo ya mto, awe yeye ndiye mwenye lugha, na wewe na Kiingereza chako uwe mgeni.

Kisha mpande treni ya Wachina kwenda Luang Prabang. Stesheni yake pale Vientiane ni nyingine, mbali na ile mtakayoshukia, kwa hiyo kodini gari dogo. Reli ile ilifunguliwa Desemba 2021. Luang Prabang ni kama saa mbili, safari ambayo kwa basi ilikuwa ya kutwa nzima na matapishi. Mji wote wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1995, alfajiri watawa hupita na bakuli zao, na mama atakuwa na mahali pa kupiga goti, kama goti litakubali. Msipange mambo mengi. Mzee hafurahii kuona vitu sita kwa siku. Hufurahia kukaa mahali pamoja pazuri na kuulizwa kama anataka chai.

Mkiona ana nguvu, endeleeni. China na Thailand wameondoleana viza moja kwa moja tangu tarehe 1 Machi 2024: siku 30 kwa safari, na zisizidi 90 ndani ya kila siku 180. Treni ile ile inaendelea hadi Boten, mpakani, mnashuka na mizigo yenu yote kwa ukaguzi wa Laos, mnapanda, mnashuka tena upande wa Mohan kwa ukaguzi wa China. Hapo ndipo magoti yatakapolalamika, basi mizigo iwe midogo, na makopo ya dawa za kupuliza myaache nyumbani maana hunyang'anywa. Toka Vientiane hadi Kunming ni zaidi ya kilomita elfu moja, saa kama kumi. Mji uko juu, karibu mita 1,900, baridi yake ya Aprili ni ya kutia shali.

Na theluji? Najua, theluji. Lijiang iko mbele kidogo kwa treni, na mlima wake una gari la kamba linalofika mita 4,506. Hapo wanauza hewa ya oksijeni kwenye makopo, na hiyo peke yake ikuambie kitu. Mama wa miaka 71 usimpandishe huko kwa ajili ya picha. Lijiang yenyewe iko kwenye mita 2,400 na mlima unaonekana toka mjini. Mkalisheni kwenye kiti, autazame. Ukimpandisha akazirai, hakuna atakayejali kwamba viza ilikuwa bure.

Jambo dogo lakini litawatesa: programu ya LINE, ambayo ukoo mzima wa mkamwana huishi ndani yake, kwenye intaneti ya China imezuiwa. Nunueni laini ya simu ya Thailand inayofanya kazi ng'ambo kabla ya kuondoka, la sivyo dada zake watadhani mmepotea na watapiga simu ubalozini. Na fedha taslimu pale huchukuliwa kwa shingo upande. Wekeni malipo ya simu tayari.

Nimemaliza ya mkamwana na mama. Sasa wewe.

Hapo ndipo orodha yako ilinisikitisha, maana hukujiandika. Umepanga safari ya pasipoti ya Thailand, na wewe una ya Tanzania. Japani, mkeo anapita. Wewe unaomba viza. China, vivyo hivyo. Korea usiiseme. Nilikutazama ukioa nikafurahi, lakini ndoa haiunganishi vitabu vya uhamiaji. Mkitaka pahala ambapo ninyi nyote wawili mnaingia bila viza, ziko: Malaysia, Singapore, Ufilipino, Hong Kong. Maldivi hutoa ruhusa kwa kila mgeni anayefika na tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Laos na China, nenda ubalozini mwao ukaulize mapema, kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mkeo.

Na kabla hujavuka mpaka wowote, kibali cha kuingia tena Thailand. Unaishi pale kwa kibali cha mume wa Mthai kinachoongezwa kila mwaka. Ukitoka bila kuchukua kibali cha kurudi, ule mwaka unafutika ukitoka nje ya dirisha. Baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Chukua cha safari nyingi. Nimewaona wanaume wazima wakiokoa baht elfu moja, kisha wakianza upya karatasi zote, cheti cha ndoa, picha za nyumbani, mashahidi wa mtaani, kama kwamba hawajawahi kuoa.

Pasipoti ya mama nayo tazameni tarehe yake leo, siyo Machi. Nchi nyingi hutaka ibaki na miezi sita. Kama inaelekea kuisha, siku hizi mtu mzima Thailand anaweza kuchukua ya miaka kumi kwa baht 1,500. Atasema ya miaka mitano inamtosha kwa umri wake. Mkatieni ya kumi.

Mwisho wa ujumbe wako ulisema, kwa sauti ya kunibembeleza, "au tumlete Tanga, Mjomba." Nilitabasamu, mkaza mjomba wako akaanza kuhesabu vitanda. Kuingia kwetu kwa Mthai si kugumu: viza ya kawaida dola 50, mtandaoni au pale uwanjani. Mkiingia Kenya njiani, tangu Januari 2024 ni kibali cha mtandaoni cha dola kama 30. Mkitaka Zanzibar, kuna bima ya lazima ya dola 44 tangu Oktoba 2024. Hayo yote ni fedha, yanalipika. Shida iko kwenye kurudi. Thailand imeiweka Tanzania kwenye nchi za homa ya manjano, na anayetoka kwetu huulizwa cheti cha chanjo akifika Bangkok. Vivyo hivyo Kenya na Ethiopia mnakobadilishia ndege, na hata hiyo Brazili yako ya siku 90. Chanjo yenyewe hupigwa angalau siku kumi kabla ya safari, na kwa mtu aliyepita miaka 60 anayeipata kwa mara ya kwanza madaktari husita, kwa sababu madhara yake makali huwapata wazee zaidi kuliko vijana.

Natamani kumwona mama huyo amekaa barazani kwangu kuliko unavyofikiri. Lakini sitakuambia njooni, wala sitamruhusu mkaza mjomba wako akuambie. Mpelekeni kwa daktari anayemtibu, siyo kwenye kliniki ya haraka ya uwanja wa ndege, na mkamwana ataje kila dawa anayokunywa mama yake. Daktari akisema chanjo haimfai, anaweza kuandika barua ya kumsamehe, nanyi muulize ofisi ya afya ya uwanja wa Bangkok kama wataipokea, mpate jibu kwa maandishi. Daktari au ofisi wakisema hapana, nendeni Luang Prabang, nami nitapanda ndege niwafuate huko. Chanjo ninayo ya zamani, na cheti chake cha njano kiko kwenye kabati la nguo, chini ya mashuka.